Hakimu Kwenye Stuli ya Mteja

Jina la fundi kompyuta wa mtaa ule halikukumbukwa na yeyote. Watu walimwita Hakimu, naye akaitika. Hakufungua skrubu hata moja kabla ya mwenye mashine kukaa kwenye stuli ya mteja na kuhojiwa. "Ulibadilisha nini?" Wateja wote, kuanzia kinyozi hadi mwalimu mkuu, walijibu vilevile: "Sikugusa kitu." Hapo Hakimu alinyoosha kidole ukutani, kwenye kibao alichokiandika kwa mkono wake: HAKUNA KOMPYUTA INAYOJIGUSA. Mteja alisoma, akakohoa kidogo, akaanza kuungama.

Mke wa Hakimu alikuwa muuguzi. Kwa miaka mitatu aliandika ripoti ya utafiti wake kwenye laptopu ambayo ungeweza kuchemsha chai ukiingoja iwake. Jumatatu angesimama mbele ya walimu wake kuitetea. Ijumaa jioni, akienda zamu ya usiku, alisema, "Baba watoto, nakuomba. Mpaka Jumatatu, usiiguse."

"Niiguse ya nini? Kazi za watu zimenijaa hapa."

Jumamosi asubuhi aliigusa. Tusimwonee bure, alifanya kwa mapenzi. Alitaka mkewe arudi akute mashine nyepesi. Aliweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi bila kufuta hata faili moja la mkewe, akaichomoa flashi, akaiwasha laptopu. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe ukamwarifu kwamba hakuna mfumo wowote wa kuwasha.

Aliizima, akaiwasha. Alitoa betri, akairudisha. Aliweka mfumo upya kwa hatua zilezile na kupata weusi uleule, jambo ambalo lau lingefanywa na mteja, angemcheka wiki nzima. Mganga hajigangi. Kufikia saa tatu jasho lilikuwa limefika kwenye miwani, na alikuwa na hofu ya kweli. Miaka mitatu ya mtu ilikuwa ndani ya kile kioo, na yeye ndiye aliyeombwa asiiguse.

Mkewe akatokea kwenye mlango wa karakana yao ya nyumbani, akitoka zamu, na sare yake ya kazi. Aliiona laptopu yake mezani. Hakupiga kelele. Alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha fundi, akaisukuma stuli kwa mguu.

"Kaa."

Hakimu akakaa. Mguu mmoja wa stuli ulikuwa unacheza, hakuwahi kujua.

"Ulibadilisha nini?"

"Sikugusa kitu, mama watoto."

Mkewe hakugeuza hata shingo. Alinyoosha kidole ukutani.

Hakimu akakohoa kidogo, kisha akasema yote. "Nilitaka ianzie kwenye flashi, ikagoma, kila mara inakimbilia diski. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa diski kwenye orodha ya mahali mashine inapotafuta mfumo wa kuwakia. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu sikuirudisha."

Alirudisha diski kwenye orodha, na mashine ikawaka kabla mkewe hajamaliza kuvua viatu. Ripoti ilikuwepo, kurasa zote mia na nne.

"Ipo yote!" Hakimu akamgeuzia kioo.

"Najua. Na nakala iko kwa dada yangu, tangu siku ile uliposema mashine yangu ni nzito."

"Sasa mbona umenikalisha hapa kama mshtakiwa?"

"Kwamba utaigusa nilijua, nimeolewa na fundi. Sikujua kama utasema."

Jibu pekee alilokuwa nalo Hakimu lilikuwa "Sikugusa kitu," na lile alishalitumia. Aliona aibu, akaomba radhi, akaenda kumwekea maji ya kuoga.

Jumatatu, mkewe akiwa mbele ya walimu wake, kinyozi aliingia na laptopu kwapani. "Fundi, imezima tu yenyewe. Sikugusa kitu."

Hakimu alikitazama kibao, akamtazama kinyozi.

"Kaa polepole," akamwambia. "Mguu wa hiyo stuli ni mbovu."