Mzee Ntandu aliyekataa kula peke yake kambi ya ndui

Wakuu, habari zenu. Wadogo mtakaonipa shikamoo, marahaba kabisa.

Nimesoma uzi wa manesi wa corona, nikalia. Nina zaidi ya miaka tisini, naandika kwa kidole kimoja, sina sababu ya kuwadanganya.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nesi mpya kwenye kambi ya ndui karibu na Sepuka. Hiyo mnayoita isolation, kwetu ilikuwa vibanda vya nyasi vilivyozungushiwa miiba. Mimi nilikuwa nimechanjwa, ndugu wengi wa wagonjwa bado, kwa hiyo hakuna kuingia.

Kila mgonjwa tulimpa bakuli lake la bati kibandani kwake, ugali wa uwele na mlenda. Usafi mtupu, nikajiona nesi kweli kweli!

Basi mgonjwa mmoja, Mzee Ntandu, akagoma kula. Malengelenge mpaka kwenye kope, mwili unaisha, bakuli linarudi vilevile.

"Baba, kula upone," nikambembeleza.

"Mwanangu, mimi si mchawi. Nile peke yangu kwa nini?"

Wanaume wa kwetu walikula pamoja, chombo kimoja; anayejitenga kula peke yake alidhaniwa mchawi. Nami binti mdogo kukaa naye kwenye bakuli moja ingekuwa kumdharau.

Wagonjwa wengine wakaanza kumwiga. Niliogopa sana wakuu, maana njaa ingewamaliza kabla ya ndui.

Nikamwomba dresa, mhudumu wa vidonda aliyekuwa mkubwa wangu, tukawaita wazee wenzake. Wakakaa nje ya miiba, mbali kidogo, na ugali wao. Sisi tukamtoa Ntandu, tukamkalisha kwenye mkeka upande wa ndani.

"Ntandu! Karibu tule!"

Akamega tonge. Na wale wengine wakajikokota nje na mabakuli yao.

Wazee wakawa wanakuja kila siku. Ila kwa Ntandu tulikuwa tumechelewa. Asubuhi moja nilimkuta amefariki.

Mchana wenzake wakaja na chakula kama kawaida, nikawaambia huku nalia. Wakainamisha vichwa. Nikajua sasa wanarudi makwao.

Mmoja akaniuliza, "Waliobaki wamekula?"

"Bado, baba."

Wakakaa chini palepale, wakaanza kuwaita walio ndani kwa majina, mmoja mmoja.

Tangu hapo, mgonjwa akikataa chakula, nilikuwa namuuliza kwanza nyumbani hula na nani.

Manesi mliomo humu, nyie corona iliwaonyesha nini? Tupieni comment, nasoma zote, taratibu tu.