Bibi Amekiombea Uji Kikombe cha Dunia ya Tatu

Jamani, leo Bibi yangu kamnyamazisha Baba Neema. Mnaomjua mume wangu mnajua hiyo si kazi ndogo.

Bibi kaja kutusalimia kutoka Kagongwa. Mchana tukaweka filamu, sehemu ya pili ya shujaa anayeruka dunia moja hadi nyingine.

Baba Neema kila dakika anaisimamisha. Kapanga vikombe vitatu mezani.

"Bibi, hii dunia yetu, hii nyingine, na hii nyingine tena. Watu ni wale wale. Umeelewa?"

Bibi anamenya karanga zake tu.

(Mimi nilishapotea kwenye kikombe cha pili.)

Mara shujaa akamkuta mama yake, aliyezikwa sehemu ya kwanza, yuko hai, anapika!

Baba Neema akaguna. "Hapa ndipo wanaponiudhi. Aliyezikwa kazikwa. Bibi, we unaweza kumkuta mama yako jikoni?"

Nikamkata jicho. Bibi alifiwa na mama yake angali mdogo, na mimi ndiye niliyepewa jina la huyo marehemu. Tangu nizaliwe Bibi haniiti mjukuu. Ananiita mayu, yaani mama.

Bibi akapangusa maganda mapajani.

"Mbona wangu kanipikia uji asubuhi?"

Akachukua kikombe cha dunia ya tatu, akaninyooshea.

"Mayu, umebaki?"

Ulikuwa umeisha. Nimebandika mwingine huku nafuta machozi.

Wenye majina ya kurithi, watoto wenu wazee wameshakula leo?