Moshi Kinywani mwa Mama Mdogo

Mama mdogo hakuwa na desturi ya kutupigia simu akiwa nyumbani kwake. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimwona kwenye kioo cha simu akiwa maktaba, huko Uingereza, ameketi kando ya rafu za vitabu, akizungumza nasi kwa kunong'ona kama mtu aliye msikitini. Mimi na mamangu tulikuwa huku Magogoni, Kisauni, sebuleni, tukimsikiliza kwa heshima. Mamangu alijisifu kwa majirani: "Mdogo wangu hatoki maktaba."

Alikwenda huko akiwa msichana, ameolewa na baharia wa Likoni. Hawakujaaliwa watoto. Mume alipofariki, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, akifanya kazi ya usafi hospitalini mpaka akastaafu. Kila mwezi hakukosa kututumia kitu. Dawa za presha za mamangu, mabati ya jikoni, hata feni iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu, vyote vilitoka kwake. Nasi hatukuwahi kuuliza. Mtu aliye Ulaya ana pesa. Nani Kisauni asiyelijua hilo?

Basi alasiri moja ya Januari, mamangu ameshaoga mara mbili tangu adhuhuri kwa joto, simu ikalia. Siku hiyo maktaba ilikuwa imefungwa kwa sababu ya theluji. Mama mdogo alikuwa kwake, amevaa kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, koti zito, na juu ya koti amejitanda leso mbili. Kila akifungua kinywa, moshi mweupe ulimtoka.

Mamangu akaisogeza simu karibu na macho.

"We! Kwani siku hizi wavuta sigara?"

"Aka, dada! Mimi na sigara wapi na wapi?"

"Moshi huo watoka wapi basi?"

"Ni pumzi zangu. Ndiyo baridi ya huku."

"Baridi ya nje nimeisikia. Wewe si umo ndani?"

Mama mdogo akajaribu kutuuliza habari za bei ya nazi, lakini mamangu hakuzungushwa. Ikabidi aseme. Nyumba yake ilikuwa na mabomba ya kutia joto, ila alikuwa hayawashi. Mita yake ilikuwa ya kulipia kwanza, kama tokeni zetu za stima: ukitia pesa wapata joto, usipotia wavaa koti. Yeye alichagua koti. Na maktaba alikuwa akienda kwa kuwa mle joto ni la bure. Vitabu vyenyewe hakuwahi kufungua hata kimoja.

"Na pesa unazotutumia?" mamangu aliuliza.

"Hizo ni zenu, dada."

"Zetu! Sisi huku twala mahamri, na wewe waganda kama samaki wa barafu!"

Mamangu akajifuta macho kwa upindo wa leso. Mimi nilitazama sakafu. Feni ilikuwa ikitupepea vizuri, na sikumbuki siku nyengine niliyoona haya namna ile mbele ya feni.

Mamangu akapitisha amri papo hapo: kuanzia siku ile isitumwe hata senti moja. Mama mdogo akakataa. Wakabishana kama watoto wawili wanaogombea kiti, mpaka nikaingilia kati kumuuliza kama serikali ya huko haiwasaidii wazee.

"Huniletea barua," alisema. "Naziweka."

"Zasemaje?"

"Nitajuaje? Barua za huku zote ni za kudai."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililokuwa nikilijua siku zote. Yeye na mamangu hawakupelekwa shule. Kiingereza alikuwa akikizungumza vizuri kabisa, na herufi alizijua moja moja, lakini kusoma barua ilikuwa kazi nyengine. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Nikamwomba anipigie picha barua zote. Alizitoa ndani ya sufuria kubwa ya pilau, ambayo hakuwa ameitia motoni tangu mumewe alipofariki.

Nyingi zilikuwa za matangazo. Lakini moja ilitoka kwa baraza la mji wake, nayo ilisema kwamba mzee mwenye kipato kidogo aweza kuomba asaidiwe gharama za kutia nyumba joto msimu wa baridi. Fomu ilikuwa imeambatishwa, na muda ulikuwa haujapita. Nikamsomea neno kwa neno.

"Basi hiyo ni sadaka," alisema. "Wapewe maskini."

"Maskini ni nani?" mamangu akadakia. "Mtu atokwaye na moshi kinywani naye yuko sebuleni kwake, huyo twamwita nani?"

Nikaona huko hatufiki. Nikamuuliza kama hospitalini walikuwa wakimkata kodi.

"Walinikata wallahi! Kila mwezi."

"Basi mama, kumbe ulikuwa ukiweka. Sasa wachukua."

Akalifikiria hilo, akisugua viganja. "Ngoja nitafute kalamu," akasema.

Fomu ilituchukua siku tatu, kila nikirudi kutoka shule. Mimi namsomea swali, yeye anajibu, kisha namtajia maneno ya Kiingereza herufi moja moja naye anaandika polepole. Palipoulizwa kama ana maradhi ya kifua, alisema aandike hapana.

"Andika ndiyo!" mamangu alipiga kelele kutoka jikoni. "Jana umekohoa mpaka jirani akauliza huku kwetu nani mgonjwa."

Palipoulizwa vyumba vingapi huvitia joto, aliona haya, akataka kuandika kimoja. Nikamwambia aandike ukweli. Akaandika hakuna. Swali la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote: kuna watu wanaokutegemea? Akatutazama kutoka kwenye kioo.

"Andika hakuna," mamangu alisema.

"Huo ni uongo, dada."

"Kuanzia leo ni kweli. Andika."

Baada ya wiki mbili akaja bibi mmoja kutoka ofisi ya baraza. Mama mdogo aliisimamisha simu mezani, kwenye bakuli la sukari, ili nami niwepo. Bibi yule alikaa na koti lake, akaugusa ukuta kwa kiganja, akaguna. Mamangu akajipenyeza mbele ya kioo: "Karibu mwanangu! Mwambie mamako twamsalimu." Nikatafsiri, yule bibi akacheka sana. Siku hiyohiyo mita ikatiwa pesa, akaahidi kumletea fundi wa kuziba nyufa za madirisha, na kwamba msaada utaendelea mpaka baridi iishe.

Ijumaa iliyofuata mama mdogo alitupigia amevaa dera tu, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Hatukuwa tumeziona kwa miaka mingi, maana alikuwa haivui ile kofia.

"Mashaallah, umezeeka!" mamangu alisema.

"Na wewe je? Umebaki mwari?"

Wakacheka mpaka wakaishiwa na pumzi. Nyuma yake mabomba yalikuwa yakigonga na kuguruma, naye akatuonyesha jinsi alivyoanika soksi juu yake.

Mwezi ule alituma pesa kama kawaida, kwa ukaidi. Mamangu akazirudisha zote. Dawa zake sasa nanunua mimi, na sioni kama nimepungukiwa.

Ghorofa ya juu ya mama mdogo anaishi mzee mgeni kama yeye, kutoka nchi nyengine ya jua, naye pia alikuwa na mfuko mzima wa barua asizoweza kuzisoma. Mama mdogo alimshusha mpaka mezani kwake, akamketisha mbele ya bakuli la sukari. Siku hizi Jumamosi zangu huenda kwa fomu zao. Mzee yule amejifunza neno moja tu la Kiswahili. Kila akimwona mamangu kwenye kioo, anainamisha kichwa na kumwambia, "Shikamoo." Amemzidi mamangu umri, tena si kidogo, na mara mbili nimetaka kumsahihisha.

"Muache," mamangu husema, kisha anajiweka sawa kitini na kuitikia kwa sauti ya juu, "Marahaba!"