Kicheko cha Bustani Mpya

Wateja wake walimwita Redio, na yeye hakuona ubaya. Alikuwa msusi. Kiti chake kilikuwa cha kwanza ukiingia saluni, na mwanamke aliyekaa pale kusukwa hakujua kama mgongo umekufa ganzi mpaka aliposimama, maana muda wote alikuwa akicheka. Redio alijua kuiga watu. Alimwiga mwenye nyumba anavyosafisha koo kabla ya kubisha hodi, akamwiga mwalimu mkuu anavyopokea simu ya mkewe, akaiga hata mlango wa zahanati. Vidole vyake havikusimama hata mara moja. Rasta zilishuka mgongoni kwa mteja huku saluni nzima ikishika mbavu.

Mumewe alikuwa fundi wa miwani. Alishinda chumba cha nyuma cha duka, mbele ya mashine ya kusagia lenzi, akizisawazisha kingo mpaka lenzi ikae kwenye fremu bila kulegea. Wenzake walimwita Fundi tu. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Maneno mengine yalimtoka vizuri kabisa, ila yakija magumu, hasa yale yanayoanza na "t" au "k", ulimi ulishikwa kana kwamba kuna mtu ameukanyaga. Kwa hiyo Redio alikuwa na desturi ya kummalizia. Fundi akianza "ta-ta-ta" mbele ya muuza duka, Redio husema, "Taa, ya chumbani," na Fundi hutikisa kichwa, hata siku aliyokuwa anataka taulo. Nyumbani kwao kulikuwa na taa za akiba za kutosha. Redio aliamini huo ndio upendo, na kwa sehemu ulikuwa upendo kweli.

Asubuhi moja bomba la maji lilipasuka dukani, na bosi akafunga mpaka mafundi wamalize kuchimbua sakafu. Fundi alirudi nyumbani mapema akamkuta mkewe anaanika nguo, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipanda juu ya kigoda, akashusha begi lililokuwa juu ya kabati, akalipangusa vumbi.

"Tu-tu-tu..."

"Tunahama?" Redio akauliza, na kibanio cha nguo mdomoni.

Fundi alicheka, akavuta pumzi, akalitoa neno lake. "Twende."

Redio hakuhitaji kuuliza wapi. Kwa miaka walikuwa wakizitazama kwenye matangazo zile bustani mbili za michezo zilizotazamana, ya zamani upande huu wa barabara na mpya upande ule, kila moja ikijisifu kuwa hakuna mfano wake. Walikuwa wamesema wataenda mwaka huu, wakasema mwaka ujao, na hakuna kati yao aliyekuwa mtu wa kuamua jambo kwa ghafla. Redio alimpigia simu mwenye saluni akaomba ruhusa, akaziacha nguo nyingine ndani ya beseni zikiwa mbichi.

Kwenye nyumba ya wageni walipofikia, mama mwenye nyumba aliwapa habari zote kabla hawajavua viatu. Bustani zile, alisema, ni za ndugu wawili wa tumbo moja. Walianza pamoja, wakagombania mahali pa kuweka lango, wakanuniana, na mdogo akavuka barabara akajenga ya kwake. Tangu hapo mmoja akirefusha lango lake, mwenzake naye huita waashi. Aliwashauri waende zote mbili wakaamue wenyewe, na wakirudi wamwambie, kwa sababu yeye huulizwa na wageni na hajawahi kuingia hata moja.

Walianza na ya zamani. Rangi za farasi wa mbao zilikuwa zimebabuka, gurudumu kubwa lililia kama linahitaji mafuta, na mkata tiketi alikuwa mzee wa makamo aliyemuuliza kila mtu kama amekula ndipo ampandishe kwenye bembea. Redio alikuwa akinong'ona dosari tangu langoni. Vyoo viko mbali, viti vya mbao vinachoma, muziki ni ule ule. Fundi yeye alikuwa amechangamka kama mtoto aliyefunga shule. Alichokipenda zaidi kilikuwa kijitreni cha kupanda kilima. Kilipanda kwa kushtukashtuka, meno ya chuma yakigonga chini, kikasimama katikati ya mteremko, kikajikusanya, kikashtuka tena, kikakwama tena. Watu wa mbele walianza kulalamika. Fundi alimwinamia mkewe sikioni.

"Hii tre-tre-treni na mimi," alisema, "tu-tumetoka tumbo moja."

Redio alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia mkono. Tangu waoane hakuwahi kumsikia akiutania ulimi wake. Habari ya kigugumizi waliizunguka kama watu wanaozunguka shimo lililo njiani kwao, kila mmoja akijua liko wapi, na hakuna aliyelitaja. Siku hiyo Fundi mwenyewe alilitaja, tena kwa kucheka, akiwa amekwama na mkewe katikati ya kilima. Treni ilipofika juu, alimshika Redio mkono na hakuuachia mpaka waliporudi walikolala.

Jioni walibishana kwa raha wakila. Fundi alisema ya zamani haitashindwa. Redio akasema hakimu hatoi hukumu kabla ya kusikiliza pande zote mbili.

Kesho yake wakavuka barabara. Bustani mpya ilikuwa inang'aa. Foleni zilipitia chini ya feni, magari ya mbio yalizunguka hewani bila kukwaruza, na kila kona kulikuwa na spika na skrini kubwa kuliko mlango wa gereji. Redio alilinganisha kila kitu, kuanzia sabuni ya chooni hadi sare za wafanyakazi, na kila alipopata alama moja ya kuipa mpya alimbonyeza mumewe ubavuni. Fundi alikubali kwamba viti ni vizuri. Mchana jua lilipokuwa kali alimwonyesha kwa kidole kibanda cha maji ya matunda, akaenda kupanga foleni.

Hapo ndipo msichana mwenye kipaza sauti alipomfikia Redio. Alikuwa mtangazaji wa bustani, anazunguka akihoji wageni, na sura ya mhojiwa inaonekana kwenye skrini zote. Alimuuliza kama amepita kwa majirani ng'ambo. Redio akasema jana tu. Msichana akamwomba basi alinganishe, bila woga.

Redio hakuwa na woga na kipaza sauti. Alianza na farasi waliobabuka, watu wakacheka. Akamwiga mkata tiketi na swali lake la chakula, wakacheka zaidi, na duara la watu likamzunguka. Alihisi kile anachohisi saluni viti vyote vinapomgeukia, ila hapa vilikuwa viti vya uwanja mzima. Msichana akamuuliza, na ile treni yao ya kilima je?

"Ile treni?" Redio alisema. "Ile treni na mume wangu wametoka tumbo moja."

Akaiga. Hakuiiga treni. Aliiga mdomo wa Fundi unavyobaki wazi, kidevu kinavyoruka, jicho la kushoto linavyojifinya neno linapogoma. "Tu-tu-tu-tu," alisema, na mabega yakipanda kilima, "tu-tu-tumefika." Watu walivunjika mbavu. Baba mmoja alimkabidhi mkewe mtoto ili apate nafasi ya kujishika tumbo. Sauti yake ilimrudia kutoka kila spika, na juu ya vichwa vya watu aliuona uso wake, mkubwa kama ukuta, na ndani ya uso wake ulikuwa uso wa mumewe.

Aligeuka kuelekea kibanda cha maji ya matunda. Fundi alikuwa amesimama na vikombe viwili, amewatazama watu wanaocheka, kama mgeni asiyejua lugha ya mahali. Kisha akapita katikati yao, taratibu, asimwage, akampa mkewe kikombe chake. Msichana wa kipaza sauti, ambaye hakujua, alimuuliza kama yeye ndiye treni. Fundi akatabasamu. Aliitikia kwa kichwa. Watu wakapiga makofi.

Redio alitamani ardhi ipasuke. Kikombe kilikuwa baridi mkononi na hakuweza kukinywa. Walipotoka kwenye duara, alianza kusema ulikuwa utani tu, akasikia jinsi sentensi ilivyo nyepesi, akaikatiza. Fundi alisema amechoka. Hilo lilitoka bila kukwama. Asubuhi yake walipanda basi la kurudi, na mama wa nyumba ya wageni alipouliza ipi bora, hakuna aliyemjibu. Alidhani wamegombana kuhusu bustani, akacheka kidogo.

Siku zilizofuata Fundi hakununa. Kama angenuna, Redio angejua la kufanya. Alikula, akasalimia, akaosha vyombo zamu yake, lakini maneno yake alichagua yale mepesi peke yake, na yasipopatikana alionyesha kwa mkono. Bustani mpya nayo ilikuwa imeiweka video ya mahojiano yale mtandaoni. Redio aliwapigia akawaomba waiondoe, na hawakumbishia, waliiondoa siku ile ile, ila ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu. Dukani, kijana wa kupokea wateja alimpokea Fundi kwa mlio wa treni. Bosi alimkaripia, na karipio lenyewe lilisikika mpaka kwa wateja. Habari hiyo Redio aliipata kwa mteja wake, aliyemsimulia kama kichekesho.

Kisha wifi yake akapiga simu. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alipunguza zaidi.

"Wifi, nimekuona," alisema.

Redio alianza kujieleza. Wifi alimsubiri amalize.

"Waliokuwa wakimwiga shuleni nilijua wanakaa wapi. Niliwafuata mmoja mmoja. Sasa wewe nikufuate wapi, wifi? Wewe unakaa kwake."

Hakukata simu kwa hasira. Aliaga vizuri, akawatakia jioni njema, na Redio akabaki kitandani ameishika simu kwa mikono miwili.

Jumapili, wakikunja nguo, Redio alipiga moyo konde. Alisema amekosa. Alisema hajui ni nini kilimwingia. Fundi aliendelea kukunja shati, akalilaza, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akaanza kuongea. Kila alipokwama, Redio alilijua neno linalokuja na alilisikia likimwasha mdomoni, akaliuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikiliza mumewe mpaka mwisho, na alishangaa jinsi ilivyomwia vigumu.

"U-uliponiiga," Fundi alisema, "uli-ulipatia. Mpaka jicho. Mi-mimi mwenyewe sikujua kuhusu jicho." Akaunyoosha ukosi wa shati. "Ha-hakuna anayepatia hivyo ma-mara ya kwanza."

Redio aliangalia chini. Angeweza kukana. Hakuna aliyekuwepo wa kumsuta, na Fundi alikuwa mtu wa kuamini. Lakini hakuweza kuinua macho, na hilo peke yake lilikuwa jibu.

Akasema kweli. Saluni. Tangu zamani, tangu mwaka ule wa harusi. Hakuwa akimtaja kwa ubaya, alisema, alikuwa akisimulia tu mambo ya nyumbani, na katika kusimulia unafanya sauti ya mtu. Wateja walikuwa wakimwomba. Kulikuwa na mmoja akija hukaa kabisa na kusema, leo tupe ya Fundi. Redio alijisikia akiyasema hayo, na kila neno lilikuwa dogo na chafu kuliko lilivyokuwa kichwani.

Fundi aliuliza swali moja. Alitaka kujua kama ndiyo sababu wale wanawake humsalimia kwa uchangamfu sana akipita saluni kumletea funguo. Alikuwa akidhani wanampenda.

Redio alilia, kisha akaona haya hata kulia, kwa sababu alimwona Fundi anatafuta leso ya kumpa.

Saluni aliacha kuiga. Si kumwiga Fundi tu, aliacha wote, kila alipoanza sauti ya mtu aliikatiza njiani. Mteja yule wa "tupe ya Fundi" alikuja mwisho wa mwezi, akakaa, akaomba ya treni. Redio alishusha kitana akamwambia kwamba mume wake alimwambia neno sikioni akiwa na furaha, naye akaenda kulitoa hadharani ili achekwe. Akamwomba asiombe tena. Mteja alikaa mpaka akamaliza kusukwa, akashukuru, na mara nyingine akaenda kwenye kiti cha mwenzake. Wengine wakamfuata. Waliobaki ni wale waliopenda mkono wake, na jina la Redio likaanza kusahaulika taratibu, bila mtu kulifuta.

Nyumbani Fundi alirudi kuongea. Si kwa siku moja. Alianza na habari za dukani, fremu iliyovunjika, mteja aliyekalia miwani yake. Dukani kwa jirani aliagiza vitu vyake mwenyewe, na Redio alisimama kando, mikono ameifunga nyuma, akiangalia rafu. Lakini kulikuwa na jambo jipya. Neno likimshika, Fundi huugeuza uso wake kuelekea ukutani mpaka litoke, halafu humrudia mkewe. Kabla ya safari ile hakuwahi kuugeuza. Alikuwa na mtu mmoja duniani ambaye mbele yake alikwama bila kujificha.

Redio huliona hilo kila siku, mezani, mlangoni, kitandani. Hamwambii asigeuke. Hana uso wa kumwambia. Yeye hukaa pale pale na kusubiri neno. Siku nyingine Fundi husahau, akakwama huku anamtazama, jicho la kushoto limejifinya. Redio huyashusha macho yake yeye, upesi, asije akaonekana kama anajifunza.