Meza ya Kilomita ya Tatu

Mzee Funguo alianza kukimbia akiwa na miaka hamsini na tisa, na mtaa mzima ukadhani amechanganyikiwa. Si kwa sababu ya umri. Wapo wazee wanaokimbia na hakuna anayewashangaa. Yeye alikuwa anakimbia huku anaongea peke yake, kwa sauti, maneno yale yale kila asubuhi: "Mwanangu, nilikosa mimi, hukukosa wewe, naomba unisamehe." Akifika kwenye bucha anageuza, anarudi, anayasema tena.

"Mzee, leo unamkimbiza nani?" mwenye bucha alimtania.

"Mjinga mmoja hivi," akajibu bila kusimama.

Jina la Funguo alipewa kwa kazi yake. Kibanda chake kilikuwa na funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kwenye misumari ukuta mzima, mashine ya kuchongea imefungwa mezani kwa boliti nne, na chini vumbi la shaba lisiloisha hata ufagie vipi. Watu wakisahau funguo ndani, watoto wakijifungia chooni, humkimbilia yeye. Hakuna kitasa kilichowahi kumshinda. Na ufundi huo huo ndio uliomponza.

Miaka saba nyuma, binti yake wa pekee, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, alimwambia wakinywa chai ya asubuhi kwamba ana mimba, na kwamba ataizaa na chuo hataacha. Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupoza mambo. Funguo alimaliza chai yake, akaenda kazini, na mchana, binti akiwa darasani, akarudi na bisibisi akabadilisha kitasa cha nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Jioni alikaa sebuleni akasikia ufunguo ukiingia, ukigoma, ukichomolewa, ukiingizwa tena. Kisha binti akaita kutoka nje, bila hasira hata chembe: "Baba, kitasa kimeharibika. Njoo unifungulie."

Hakuinuka. Jamani, wapo watu wenye roho ngumu, lakini huyu siku hiyo alipitiliza. Binti aligonga, akaita, akagonga tena, mpaka akaelewa mwenyewe. Akaenda kwa shangazi yake, dada wa Funguo, na nguo alizovaa.

Huko alijifungua mtoto wa kike, akamaliza chuo, akaajiriwa hospitali kubwa ya mji. Hasira za Funguo ziliisha mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujuta tu. Alikwenda nyumbani kwa binti, mlango ukafungwa mbele ya uso wake. Alikwenda hospitali, mlinzi akamwambia muuguzi huyo hapokei wageni. Alituma ujumbe wa simu, mmoja baada ya mwingine, bila jibu. Funguo alimjua mjukuu wake kwa picha moja aliyoonyeshwa na dada yake, tena akionywa asishike simu kwa vidole vyake vya grisi.

Dada huyo ndiye aliyeleta habari za mbio: kilomita tano, za kuchangia wodi ya watoto.

"Mwanao atakuwa kwenye meza ya kilomita ya tatu," akasema. "Ya maji na huduma ya kwanza. Pale, kaka, hana mlango wa kukufungia."

Alisema kwa utani, lakini kaka mtu hakuuchukua kama utani. Kesho yake alikwenda kujiandikisha.

Sasa, mtu aliyekaa kwenye kigoda miaka thelathini hakimbii kwa kuamua tu. Siku ya kwanza hakufika hata nusu ya njia ya bucha. Alikumbatia nguzo ya umeme akahema mpaka wapita njia wakamuuliza kama anaumwa. Jirani yake, mwalimu wa michezo, alimwonea huruma akampa kanuni moja.

"Mzee, kimbia mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Ukishindwa kuimaliza, ujue umezidisha. Punguza."

Funguo hakuwa na haja ya kutafuta sentensi. Alikuwa nayo miaka sita. Kwa wiki saba aliisema barabarani, mwanzo vipande vipande, baadaye nusu nusu, mpaka wiki ya mwisho akakimbia kilomita tatu na kuisema yote kama mtu aliyekaa kitini. Alirudi nyumbani akaoga huku anaimba. Dada yake aliposimuliwa alicheka, halafu akajifuta macho.

Siku ya mbio alifika mapema mno, namba imebandikwa kifuani kwa pini nne, suruali ya michezo ameazimwa na mwalimu na inambana kiunoni. Mwalimu alimshika mabega.

"Anza polepole. Watu watakupita. Waache wakupite."

"Nimesikia."

Na kusikia kweli alisikia. Lakini honi ilipolia, watu zaidi ya elfu wakaondoka kwa mpigo, spika zinapiga muziki na makofi kila upande, miguu yake ikasahau wiki zote saba. Kila anayeanza hufanya kosa hilo, na yeye alikuwa na sababu kuliko wote: kila hatua ilimpeleka kwa mwanawe, sasa aipunguze vipi? Alimpita mama mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, akawapita wanafunzi waliokuwa wanapiga soga, na kilomita ya kwanza akaimaliza anatabasamu.

Ya pili ikamwonyesha. Kifua kilibana, kichomi kikamshika ubavuni, miguu ikawa si yake. Wale aliowapita wakampita mmoja mmoja, na wa mwisho wao alikuwa yule mama mnene. "Jikaze, baba," akamwambia kwa huruma. Funguo akajaribu sentensi yake. "Mwa..." akasema, na pumzi ikaishia hapo. Angetembea kidogo angepona. Lakini alishaiona meza, na nyuma yake mwanamke mwenye sare nyeupe, ameinamisha shingo kumsikiliza mtu, vile vile kama marehemu mama yake. Akajikaza kisabuni, akakimbia.

Alifika hoi. Akasimama mbele ya meza, akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi kingine. Miaka yote hiyo alikuwa ametafuta nafasi ya kusimama mbele ya mwanawe, na sasa amesimama hana pumzi hata ya neno moja. Machozi yalimtiririka, na watu pale wakadhani ni jasho.

Binti alimwona. Uso ulimbadilika, kisha ukatulia, ule utulivu wa watu walio kazini.

"Mkalisheni huyu mzee," akawaambia wenzake.

Akapiga goti mbele ya kiti, akamshika mkono, akaanza kuhesabu mapigo huku anaangalia saa. Vidole vyake vilikuwa baridi kwa maji ya vikombe. Alihesabu muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Una presha, mzee?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Sukari?"

Akatikisa kichwa tena. Binti akaandika kwenye fomu, hakuinua macho.

"Una ndugu yeyote hapa tumwite?"

Pumzi ilikuwa imeanza kurudi. Sentensi nzima asingeiweza, lakini neno moja angeweza. Ila alimtazama mwanawe alivyopiga goti hapo, meza nyuma yake, wakimbiaji wanapanga foleni mbele yake, hana pa kwenda, na aibu ikamshika. Si alimvizia? Mahali hapa alipachagua kwa sababu hiyo tu. Zamani alimfungia nje, leo amekuja kumbana. Akaona jambo la heshima alilobaki nalo ni kumwachia njia.

"Sina," akasema. "Sina ndugu hapa."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Kisha ikaandika. Binti akainuka, akampa kikombe cha maji, akainama karibu na sikio lake kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

"Ungesema unaye, baba, ningeandika."

Akaondoka. Funguo alitaka kumfuata, kichomi kikamrudisha kitini, na maji yakammwagikia mapajani. Alipoweza kusimama, mhudumu mmoja alimshika bega akamwelekeza barabarani. "Songa taratibu, mzee, usizibe njia. Umebakiza kilomita mbili tu." Alimwita mwanawe kwa sauti iliyokauka, lakini hakusikika kwa zile spika. Binti alikuwa amempa mgongo, ameinama kwa msichana aliyeteguka mguu, anamuuliza kama ana ndugu hapo wa kuitwa.

Msichana hakufikiri hata kidogo. "Ninaye," akasema. "Baba yangu yule pale."