Mafuta Aliyokatazwa Mume Wangu

Asubuhi moja nilimkuta mume wangu ameketi kitandani anafumua kiuno cha suruali yake. Nilishtuka nikapiga kelele, watoto wakaamka. Suruali ile ya kaki alikuwa ameipunguza mwenyewe mwaka uliotangulia, maana alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Ruiru, na aliipunguza mbele ya wateja, akijisifu. Sasa alikuwa anairudishia kitambaa.

Wakati ule wa kwanza, daktari mzungu wa Thika alimwambia moyo wake umechoka kuubeba mwili ule, na asipopungua ataniacha mjane na watoto wadogo. Akaogopa, akaanza kutembea, akapunguza sukari kwenye chai, na mwili ukashuka kweli. Kisha zikaja sherehe za mahari ya dada yake, mbuzi baada ya mbuzi, na huwezi kukataa kipande ulichokatiwa mbele ya wakwe. Baada ya sherehe ikaja Krismasi. Baada ya Krismasi, sijui tulisingizia nini.

"Unataka kuniacha na hawa watoto?" nikamuuliza.

"Hii suruali imerudi tu. Ulifua na maji moto."

"Hata wewe umerudi! Umerudi pale pale!"

Nilimfukuza aende tena Thika siku hiyo hiyo. Jioni alirudi mpole, akasema ameambiwa aanze tena kutembea.

"Na nini ingine?"

"Hiyo ingine nitafanya mwenyewe, Mama watoto. Wewe usijisumbue."

Mimi nina hasira za karibu, lakini siku hiyo woga ulinifunga mdomo. Na kweli alijitahidi. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alizunguka njia za mashamba ya kahawa, akarudi jasho linamtoka, nami nikawa namwekea githeri yake ya mahindi na maharagwe kama kawaida, imekaangwa vizuri, nikifurahi moyoni kwamba mambo yamerudi njiani.

Hapo ndipo ngozi yake ilipoanza kubadilika. Ilianza viwiko, ikaja miguu, halafu uso mzima ukapauka kama mtu aliyelala jivuni. Midomo ilipasuka. Kila nikimuuliza, ananiambia nisiwe na wasiwasi. Mama yake alikuja kututembelea kutoka Thika, akamtazama, akanigeukia mimi.

"Mwanangu umemfanya nini? Hata mafuta ya kujipaka unamnyima?"

Niliona aibu ya kuzama ardhini. Kwetu mume akitoka nje amepauka, anayesemwa ni mke. Lakini zaidi ya aibu niliogopa, maana miaka ile wanaume walikuwa wanarudi kutoka kizuizini walikowekwa na mkoloni, wamekauka, mbavu zinahesabika, na wengine hawakukaa sana wakafa. Mtu mkavu alitutisha. Nikaamini kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye damu na mwenzangu ananificha.

Siku moja mchana nilimpelekea chakula barazani. Nikamkuta amesimama kando ya cherehani yake, anakula mutura, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu, na mafuta yanamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Kiwiko hicho ndipo mahali pekee palipong'aa mwilini mwake.

Nikaweka sufuria chini. Nikamvua futi iliyokuwa imening'inia shingoni mwake, nikamzungushia tumboni, wanawake waliokuja kushonewa wakitazama. Kwanza nilifikiri nimeishika vibaya. Nikapima tena.

"Umeongezeka! Baba watoto, umeongezeka!"

Aliinyakua futi akaisoma mwenyewe. Sijapata kuona mtu ameduwaa vile.

"Haiwezekani. Mimi mafuta sijaguza tangu nitoke Thika!"

"Na hii iko mkononi ni nini?"

"Hii ni nyama! Daktari alisema, 'Wewe wacha mafuta kabisa kabisa.' Nimewacha. Angalia ngozi yangu. Angalia midomo. Hata ikipasuka damu, sijipaki."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, akafuatwa na wengine, hata mmoja akalazimika kukaa chini na mtoto wake mgongoni.

"Mnacheka nini?" akawauliza mume wangu, amekasirika. "Mtoto akipakwa mafuta si hunona? Si yanaingia kwa ngozi?"

Mimi sikucheka. Nilishika cherehani. Mtu huyu alikuwa amejikausha wiki baada ya wiki, amevumilia kuwashwa na kuchekwa njiani, ili asituache. Na mimi jioni kwa jioni nilikuwa namkaangia kifo chake kwa mikono yangu, nikimsihi aongeze sahani.

Tulianza upya siku hiyo. Githeri ikawa ya kuchemshwa, naye akanung'unika kwamba inamkwama kooni. Mutura akaiaga kama anaaga ndugu. Kulikuwa na siku alizoteleza, harusi moja ilituangusha vibaya, lakini kesho yake alirudi njiani. Mafuta niliyoyatoa kwenye sufuria niliyahamishia mgongoni kwake: kila jioni alikaa kwenye kigoda, nami nikampaka.

Jioni moja nikiwa nampaka hivyo, vidole vyangu vikapita juu ya kitu kigumu. Ubavu. Tangu anioe sikuwahi kuugusa ubavu wake. Nilishtuka nikaondoa mkono kama niliyeungua, maana nilichokiona mbele yangu ni wale wanaume waliorudi wamekauka.

"Ni nini?" akauliza.

Niliinama, nikaweka sikio mgongoni kwake, penye mafuta mabichi, shavu langu likateleza.

"Mama watoto, unafanya nini huko nyuma?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Nasikiliza kama moyo unapiga."