Jina Alilolificha Dada

Januari 1974 marehemu dada yangu alipoteza jina lake. Sisi Wahindi wa Unguja tulihamia Wembley, London, na desturi ya kwetu: mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Dada alikuwa Mama Fulani, na huyo Fulani ni bintiye wa miaka tisa. Hata mimi, mdogo wake, nilimwita hivyo.

Mwalimu alimfungia yule mtoto stoo ya shule kwa kutojibu kwa Kiingereza. Akajikojolea, na gizani akaungua mkono kwenye bomba la maji moto. Majirani tuliwaambia ni mafuta ya bajia. Dada akaishitaki halmashauri ya elimu. Wakili hakutuficha: tukitaka kushinda, yatasemwa yote mbele ya watu, hata la kujikojolea. Kitakachofichwa ni jina tu. Mtoto ataitwa kwa herufi moja.

"Na mimi je?" dada aliniuliza ndani ya basi. "Mtu akiniita tu pale mahakamani, keshamtaja mwanangu."

Jumapili wanawake walijaa jikoni kwake kama kawaida, bajia motoni, dirisha jeupe kwa mvuke. Tulizungumza Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Kihindi, lakini mizaha ilikuwa ya Kiswahili. Jiko lile nalikumbuka mpaka leo. Dada akawaomba waache kumwita Mama Fulani. Sababu hakusema.

"Ala! Tukuite nani basi, Mama Bajia?" akauliza jirani.

"Mwite Mama Kiburi," mwengine akadakia. "Kaja Ulaya, kamkana mtoto!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Dada naye alicheka.

Mama Bajia likashika. Kesi tulishinda, na habari ikatoka gazetini bila jina. Jirani yule yule aliisoma kwa sauti pale jikoni, yote, mpaka mwisho.

"Maskini, mtoto wa watu," akasema.

Dada akageuza bajia.

Mwaka jana alilazwa, hasemi, hafumbui macho. Nesi, Mkenya, alimwita kwa jina la kwenye faili, hakuitika. Bintiye, mtu mzima sasa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alimshika mama yake kwa ule mkono wenye kovu, akamwambia nesi kwa Kiswahili, "Mwite Mama," kisha akataja jina lake mwenyewe.

Nesi akaita.

"Bee," dada akaitika.